Bima ya mpangaji: dola 25 za wakala zina thamani gani?

Wakala wa bima anayejitegemea nchini Marekani akikaa na kalamu kupiga hesabu ya bima ya mpangaji, ile inayolinda vitu vya anayeishi nyumba ya kupanga na hasara anazowasababishia wengine, jibu la kwanza ni kuachana nayo. Kwa takwimu za NAIC, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, wastani wa ada yake mwaka 2021 ulikuwa dola 170 kwa mwaka mzima. Tuseme kampuni inamlipa wakala kamisheni ya asilimia 15, ambayo si mbaya. Anabaki na dola 25 na senti 50. Mfanyakazi wake wa ofisini akilipwa dola 20 kwa saa na akatumia saa moja kumhudumia mteja huyo, faida ya mwaka wa kwanza imekwisha kabla hajalipia umeme.

Na hiyo saa moja ni ya kuandikisha tu. Mpangaji huhama. Akihama lazima anwani ibadilishwe, jina la mwenye nyumba mpya liingizwe, cheti kipya kitumwe kwa meneja wa apatimenti ambaye kila mara anadai hajakipata. Kadi ya benki ikigoma kukatwa dola 14 za mwezi, bima inafutwa na simu zinaanza upya. Mteja wa dola 170 hupiga simu sawasawa na mteja wa dola 3,000, pengine zaidi.

Kwa hiyo mawakala wengi waliokaa kwenye biashara hii miaka mingi huiona kama usumbufu, na sioni sababu ya kuwabishia. Lemonade, kampuni ya bima ya mtandaoni, ilipoanza New York mwaka 2016 ilianza na bima hiyohiyo pamoja na ya wenye nyumba, ikiiuza ya mpangaji kwa programu ya simu kwa ada inayoanzia dola 5 kwa mwezi. Kampuni ya Assurant nayo huwafuata wapangaji kupitia kampuni zinazosimamia apatimenti, mteja akajiunga palepale anaposaini mkataba wa nyumba. Wakala mwenye meza moja na simu mbili hawezi kushindana na hao kwa bei wala kwa kasi.

Upande wa pili huanza na soko lenyewe. Takriban theluthi moja ya kaya za Marekani zinapanga, na mikataba mingi ya apatimenti leo inamtaka mpangaji awe na bima ya dhima ya dola 100,000 kabla hajakabidhiwa ufunguo, yaani bima ya kulipia hasara ukiunguza jengo la watu au mgeni akiumia kwa uzembe wako. Asiyekuwa nayo mara nyingi huongezewa tozo kwenye kodi ya kila mwezi, na tozo hiyo kwa kawaida hulinda jengo la mwenye nyumba peke yake. Godoro, televisheni na nguo za mpangaji vikiungua, hana chake. Wapo wanaolipa tozo hiyo mwaka baada ya mwaka wakiamini wana bima. Wakala anayewaonyesha mstari huo kwenye stakabadhi ya kodi hahitaji ufundi mwingine wa kuuza.

Hoja kubwa ya wanaoipenda bima hii, hata hivyo, ni gari. Mteja akiweka bima ya gari na ya mpangaji katika kampuni moja hupewa punguzo. Tuchukue familia yenye magari mawili inayolipa dola 2,400 kwa mwaka. Punguzo likiwa asilimia 5, wanaokoa dola 120, na bima ya mpangaji inakuwa imewagharimu dola 50 tu kwa mwaka. Wakala yeyote anaijua hotuba hii kwa moyo.

Kinachosahaulika ni kwamba punguzo hilo linakata na kamisheni ya wakala. Kwenye dola 2,400 alikuwa anapata asilimia 12, yaani dola 288. Baada ya punguzo ada ni dola 2,280, na chake ni dola 273 na senti 60. Jumlisha zile dola 25 na senti 50 za mpangaji, anafikia dola 299 na senti 10. Kazi yote ile imemwongezea dola 11. Anayewaambia mawakala wapya kwamba kuunganisha bima mbili ni pesa za haraka hajaipiga hesabu hii mpaka mwisho, au anauza semina.

Thamani yake, kama ipo, iko katika muda mteja atakaobaki. Mwenye bima moja huhama kwa tofauti ya dola kumi aliyoiona kwenye tangazo. Mwenye mbili husita, kwa sababu akihamisha gari anapoteza punguzo, na meneja wa apatimenti atataka cheti kipya. Bima ya mpangaji ikimzuia mteja mmoja tu kuondoka mwaka huu, imelinda dola 273 za gari, ambazo ni sawa na kamisheni ya zaidi ya wapangaji kumi. Kwa jicho hilo, wakala asihesabu ameuza bima ngapi za wapangaji. Ahesabu magari mangapi hayakuondoka. Ndiyo maana sioni busara ya kumkimbilia mpangaji asiye na gari kwa wakala huyo, na sioni busara ya kumwacha mwenye gari bila kumuuliza anaishi wapi na kwa mkataba gani.

Sasa tuje kwa wakala wa aina yake, yule anayezungumza Kiswahili. Wapo wanaofungua ofisi katika miji kama Dallas na Columbus, wakiwahudumia Wakongo waliopokewa kama wakimbizi, pamoja na Wakenya, Watanzania na Warundi. Wateja wao wengi ni wapangaji. Kwake mizani inabadilika, lakini si kwa namna inayodhaniwa.

Mkataba wa kawaida wa bima hii, unaofuata fomu iitwayo HO-4, una vipengele ambavyo ni kama vimeandikwa kwa kuwalenga watu wetu. Fedha taslimu zilizoibwa nyumbani hulipwa hadi dola 200 tu. Mama aliyepokea zamu yake ya upatu, dola 6,000 ndani ya bahasha kabatini, akiibiwa hatalipwa zaidi ya dola 200, na huenda asipate kitu, kwa kuwa kile kiasi cha hasara ambacho mteja hubeba mwenyewe mara nyingi ni dola 500. Vito vilivyoibwa vina kikomo cha dola 1,500, na mikufu ya harusi ya familia nyingi za pwani inazidi kikomo hicho. Vifaa vya biashara vilivyomo nyumbani, kama vyerehani vya fundi anayeshona vitenge sebuleni, vinaishia dola 2,500. Mafuriko hayamo kabisa. Hayo yana bima yake ya serikali, ambayo humkubali mpangaji kwa vitu vya hadi dola 100,000. Kwa upande wa neema, mali ya mteja inalindwa popote duniani, hivyo begi lililoibwa hotelini Mombasa linaweza kudaiwa Columbus.

Yote haya yanaweza kuelezwa, na baadhi yanaweza kuongezewa kinga kwa ada kidogo, hasa vito. Hapo ndipo wakala wa Kiswahili anapoizidi programu ya simu: atajua kuuliza habari za upatu na dhahabu. Programu haitauliza. Lakini kuuliza ni dakika arobaini na tano zaidi, na mara nyingi zinafuatwa na barua ya shule ya mtoto, fomu ya leseni ya udereva, na "hebu nisomee hii pia". Atamwambia nani hapana? Mzee aliyeketi mbele yake anamwita mwanangu.

Kuna na hatari isiyosemwa sana. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, maelezo yametolewa kwa Kiswahili. Siku ya hasara mteja atakumbuka maelezo. Akisema "uliniambia nimelindwa", wakala atajitetea kwa bima yake ya makosa ya kitaalamu, ambako naye hubeba sehemu ya gharama, mara nyingi maelfu ya dola. Bima ya dola 170 inaweza kuzaa kesi ileile ambayo ingezaliwa na bima ya dola 3,000. Wakala anayeandika ujumbe mfupi wa Kiswahili baada ya kila mazungumzo, "tumeongelea fedha taslimu, mteja hakutaka nyongeza ya vito", anajilinda. Asiyeandika anacheza bahati nasibu kwa tiketi ya dola 25.

Waislamu wengine husita kununua bima ya kawaida kwa sababu za dini, na takaful, yaani bima inayofuata sheria za Kiislamu, kwa mpangaji wa Marekani ni adimu. Wengi hukata kiwango cha chini kinachodaiwa na mkataba wa nyumba na kuishia hapo. Wakala asiwasukume, kamisheni ya nyongeza hapo ni senti.

Msimamo wangu umeegemea mji kuliko bidhaa. Mpangaji wa New York anayepanda treni kila siku huenda asinunue gari maisha yake yote, na muda wa wakala kwa huyo haulipi. Aelekezwe kwenye programu za simu, baada ya kuonywa kuhusu fedha na dhahabu. Columbus na Dallas hali ni nyingine. Mabasi mara nyingi hayafiki kwenye maghala na viwanda wanakoajiriwa wageni, na zamu nyingine huanza saa kumi alfajiri. Familia iliyofika majuzi bila gari haitakaa hivyo muda mrefu. Wakala aliyewaandikia cheti cha apatimenti wiki ile waliyofika ndiye watakayempigia kutoka uwanja wa kuuzia magari, wakiwa wameshashika ufunguo na muuzaji anataka uthibitisho wa bima kabla hajawaachia geti.