Koti la Toronto na mkopo wa kikoba

Januari, mpwa wangu anayesoma Toronto alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Amesimama kwenye theluji, kavaa koti jeusi lenye nembo ya duara mkononi. Watoto wa hapa Dar waliitambua kabla sisi wakubwa hatujamaliza kusema mashallah: Canada Goose. Alipobanwa alitaja bei, dola 1,500 za Kanada. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 2. Kima cha chini cha mtumishi wa umma hapa nchini, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa hiyo koti moja linameza mishahara minne na bado halijatosheka.

Kilichowasha moto lakini ni jambo jingine. Wiki tatu kabla ya picha ile, mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa amekopa kwenye kikoba chake cha Buguruni ili amjazie mwanawe kodi ya chumba.

Dada anauza mitumba Karume, na makoti anayajua. Belo la majaketi likifunguliwa hushika kwanza zipu, kisha bitana, kisha analibonyeza koti lenyewe kujua kama ndani mna manyoya ya ndege au sponji. Dar haina baridi ya kutaka makoti mazito, hata kipupwe cha Julai. Wateja wake ni bodaboda wanaopigwa na upepo wa alfajiri na wasafiri wa Njombe na Makete. Mtoto alipopata chuo, dada alimchagulia koti zito kuliko yote aliyoyaona msimu ule, akalifua mwenyewe. Kuona limewekwa kando kulimuuma. Nadhani nusu ya maneno makali yaliyosemwa kwenye kundi yalitoka kwenye kidonda hicho.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu kila mtu aliuliza kijana wa miaka 22 pesa hizo anazitoa wapi. Kanada inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario, tangu Oktoba 2025, ni dola 17.60 kwa saa. Koti la dola 1,500 ni saa 85 za kazi, yaani karibu wiki nne, kabla ya makato, kabla hajala. Ndiyo maana wengi hawalipi kwa mkupuo. Wapo wanaonunua lililovaliwa na mwingine, kwa kuwa makoti ya majina makubwa huuzika tena vizuri. Wapo wanaokaa kwa wazazi bila kulipa kodi. Na wengi hutumia kampuni kama Klarna, iliyoanzia Stockholm mwaka 2005: bei inakatwa mafungu manne, fungu moja kila wiki mbili. Mpwa wangu alipita njia hiyo. Dola 375 kila wiki mbili, kutoka kwenye kipato ambacho hata akifanya saa zote alizoruhusiwa hakifiki dola 850.

Hoja zake nilizisikiliza kwa simu, na si za kipuuzi. Koti la mama yake zipu ilikatika baridi ya kwanza, na sponji ikilowa theluji haikauki upesi. Toronto ina siku za kipimajoto kushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, naye hutoka kazini usiku na kusubiri basi. Anasema atalivaa miaka kumi. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kichwani: akiwa na koti lile hakuna anayemwangalia kama mtu aliyekuja kuomba. Sisi tuliobaki huku ni rahisi kuliita hilo majivuno. Lakini nani kati yetu hajawahi kukopa ili avae sare ya kitchen party na kukaa na wenzake bila kujikunyata?

Dada naye ana hoja, na ni nzito. Joto halimo kwenye nembo. Koti la manyoya la kampuni isiyo na jina linaweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo na likamfikisha nyumbani salama. Canada Goose ilianza Toronto mwaka 1957 kwa kushona nguo za kazi, na makoti yake yakavaliwa na wanasayansi wa Antaktika. Moncler, kampuni nyingine ya makoti ya bei, ilianza Ufaransa mwaka 1952, kwa mahitaji ya watu wa milimani. Leo anayelipia bei zile mara nyingi anakwenda darasani. Huko Birkenhead, Uingereza, shule ya Woodchurch ilipiga marufuku makoti ya Canada Goose, Moncler na Pyrenex mwaka 2018, kwa sababu watoto wa maskini walikuwa wanaaibika na wazazi wanabanwa. Dada hakuwa na habari hiyo, ila aliyoyasema ndiyo hayohayo.

Wanaodhani ni tamaa ya Ulaya na Amerika watazame simu zilizo mikononi mwa vijana wa Mbagala na Manzese, zinazolipiwa mdogo mdogo kila siku. Nasi tunakata bei vipande mpaka isionekane. Tofauti ni kwamba hapa kipande kikikosekana, mwenye simu anajikuta kwenye kausha damu, mikopo ya riba kali, au kwenye zile programu za mikopo zinazowapigia ndugu zako na kukutangaza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 kati yake kuwa hazina leseni.

Kwa koti lenyewe, niko upande wa kijana. Kwa namna alivyolilipia, siko naye. Alinunua mwishoni mwa Novemba na picha hakuituma mpaka fungu la mwisho lilipokwisha. Desemba alipopiga simu kuwa kodi haijatimia, alichokosa ni zile dola 375. Mama yake alikopa mara tatu ya hisa zake akiamini analipia chumba, kumbe analipia koti. Angeambiwa ukweli pengine angekopa vilevile, namfahamu. Lakini angekopa akijua.

Dada hajamwambia auze koti. Wiki iliyofuata alimpigia, akamsomea daftari lake la kikoba: tarehe, riba, na marejesho yaliyobaki hadi Juni. Mawili ya mwisho atalipa mtoto. Amekubali, na la kwanza ameomba kulituma mapema, Aprili.