Someni Barua Yote

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alitusomea mstari mmoja, Yeremia 29:11, ule ambao Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani, wala si ya mabaya, akafunga Biblia na hakuifungua tena mpaka ibada ikaisha. Muda wote uliobaki alitueleza mawazo ya Mungu juu yetu ni yapi: mwaka huu kesi yako itafunguka, utaitwa kwenye mahojiano, utapanda ndege. Mkalimani akayarudia yote kwa Kiluganda. Kisha zikapitishwa bahasha za mbegu, yaani sadaka ambayo mtu anaitoa akitarajia kuvuna baraka, na mama mmoja anayetembeza vitenge mjini, ambaye najua anadaiwa kodi ya nyumba, akatia yake kapuni. Nimekasirika, na hasira haijaniisha.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Kampala, wengi wetu ni wakimbizi kutoka Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, na tunangoja kesi zetu za kuhamishiwa nchi za mbali. Katika Biblia nzima sijui sura inayotuhusu kuliko ile. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu ambao Nebukadneza amewahamisha mpaka Babeli, watu wa ugenini wanaongoja kurudi kwao. Anawaambia nini? Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, waozeni watoto wenu. Utakieni amani mji mlikopelekwa na kuuombea, kwa maana mji ukiwa na amani nanyi mtakuwa na amani. Mstari wa 10 unataja miaka 70, na hapo ndipo unapokuja ule wa 11 tunaouandika kwenye kalenda. Ahadi ni ya kweli na ninaiamini kwa moyo wangu wote, lakini watu wazima walioisikia kwanza walijua kwamba watazikwa Babeli na watakaorudi ni wajukuu.

Sasa rudini nyuma sura moja, ya 28. Nabii Hanania mwana wa Azuri anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema kwa jina la Bwana kwamba kabla miaka miwili haijaisha, mateka wote watakuwa wamerudi. Anaivunja nira iliyo shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli. Ningekuwapo siku ile, ningeshangilia pamoja na wengine, maana nani asiyetaka kusikia neno kama hilo? Yeremia akamwambia kwamba Bwana hakumtuma na kwamba anawapa watu tumaini la uongo. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa. Na ndani ya barua yenyewe, mstari wa 8 na wa 9, wahamishwa wanaonywa wasidanganywe na manabii walio kati yao. Kwa hiyo mstari uliotumika Jumapili kutuahidi safari ya haraka umetoka kwenye barua iliyoandikwa kuwapinga watu wanaoahidi safari ya haraka. Inaniuma sana.

Katikati ya wiki tuliisoma sura yote kwenye kikundi chetu cha maombi, na mama yule alikuwapo. Jalada la Biblia yake limeshonwa kwa uzi. Kurasa za Zaburi zimekuwa kahawia kwa vidole, ila za Yeremia bado zilikuwa zimegandana, akazitenganisha kwa ukucha. Alisoma mstari wa 5, ule wa kujenga nyumba na kupanda bustani, kwa sauti, akanyamaza, akaniuliza, "Ndugu, kumbe naweza kumwandikisha mtoto shule ya hapa?" Kijana wake mkubwa amekuwa akikaa nyumbani, kwa sababu kila mkesha mama anaambiwa safari iko karibu. Mahubiri yanayomzuia mtoto asisome si jambo dogo, na kimya chetu sisi wazee wa kanisa kimechangia.

Najua wachungaji wetu wengi hawakupata chuo. Waanglikana wamekuwa wakifundisha watumishi chuoni Mukono tangu 1913, lakini ada ya kukaa masomoni miaka mitatu ataitoa wapi mtu anayechunga kundi lake huku akishona nguo ili ale? Hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba mtu aliyechoka anahitaji neno la faraja. Lakini kusoma sura kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho hakudai shahada. Wakatoliki wana masomo yao ya Jumapili yaliyopangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, mwaka A, B na C, na muumini wao husikia sehemu kubwa za Injili hata kama padri hana la kuongeza.

Na nchi hii imewahi kufanya zaidi ya hapo. Mmisionari Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, vijana wa ikulu ya Kabaka Mutesa walijifunza kusoma Injili kwenye karatasi za Kiswahili zilizotoka Unguja, kwa sababu za Kiluganda hazikuwapo bado. Waliuliza maswali, wakabishana na mwalimu. Haikupita miaka kumi, na baadhi ya wasomaji wa misheni wakachomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, kwa sababu ya kile walichokuwa wamekielewa.

Wazee wa kanisa tunakutana mwisho wa mwezi, na nitasema haya mbele yao. Mhubiri mgeni apewe sura, aisome yote kwanza, ndipo ahubiri. Baada ya ibada watu waruhusiwe kuuliza, bila kuambiwa wanamjaribu mtumishi wa Mungu. Watu wa Beroya walimchunguza Paulo kila siku katika Maandiko, na Matendo 17 inawasifu kwa hilo.