Kama unashuku fangasi wa sainasi, kata kinyama leoleo

Mimi kazi yangu ni ya maabara, kuangalia vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwa mgonjwa, kwenye hadubini, kwa hiyo wagonjwa siwaoni, naona vipande vyao tu. Na kuna sampuli zikifika mezani nachoka kabla sijazifungua. Fomu ina neno moja, "sainasi" (vile vishimo vya hewa kuzunguka pua), hamna umri, hamna habari ya kisukari wala dawa za steroidi zinazoshusha kinga, alafu kinyama chote kimezamishwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Fomalini inaua fangasi jamani, sasa nioteshe nini hapo?

Nnachokiongelea ni ugonjwa wa fangasi unaoitwa mukomaikosisi, ile iliyovuma India mwaka 2021 wakati wa korona wakaiita fangasi weusi. Na hilo jina kwa maoni yangu limetuharibia, maana watu wanasubiri weusi ndo washtuke. Ule weusi kwenye kaakaa au ndani ya pua ni nyama iliyokwisha kufa, fangasi kaingia kwenye mishipa ya damu kaiziba, damu haifiki, nyama inaoza. Mwanzoni unaweza kukuta ngozi ya ndani ya pua imepauka tu, au ukiigusa mgonjwa hasikii kitu. Mtu sukari iko juu, uso unauma upande mmoja, ameanza kuona vitu viwiliviwili, na bado anaongezewa antibiotiki duru ya tatu!

Kinyama kibichi, tone la potasiamu haidroksaidi (kemikali inayolainisha nyama ili fangasi waonekane), baada ya dakika chache naweza kukwambia kitu. Wale wa mukomaikosisi nyuzi zao ni pana kama utepe uliokunjamana, karibu hazina vigawanyo, na tawi linachomoka kama herufi L. Aspagilasi, fangasi mwingine, nyuzi zake ni nyembamba, ina vigawanyo, matawi kama V. Sio mambo ya urembo haya, dawa ya vorikonazo inayotumika kwa aspagilasi haiwafanyi kitu hawa wa mukomaikosisi, wao wanataka dawa ya amfoterisini B, ile ya liposomu (iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta) miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo kwa siku, pamoja na kisu cha kuondoa nyama iliyokufa na sukari kushushwa. Dawa peke yake inafikaje mahali ambapo damu haifiki?

Kuna wanaosema tusubiri kwanza fangasi aote maabara. Huyu mara nyingi haoti hata kama yupo, hasa kinyama kikisagwa nyuzi zinakatika, na kipimo cha damu cha galaktomanani, kinachotumika kumtafuta aspagilasi, hakimwoni kabisa. Utafiti wa 2008 kwa wagonjwa wa saratani za damu ulikuta waliocheleweshewa amfoterisini siku 6 na zaidi vifo vyao vilikuwa karibu mara mbili ya walioanza mapema. Najua dawa inaumiza figo, sibishi, ila ukianza leo na majibu yakasema siyo, unasimamisha, basi.

(Na kwenye koo pia, histoplazima, fangasi mwingine, inafanana na kansa mpaka inatisha, nayo bila kinyama huijui.)

Daktari mmoja wa masikio, pua na koo alinipigia simu kabla hajakata. Akaleta nusu kwenye maji ya chumvi, nusu kwenye fomalini, kaleta mwenyewe mkononi. Majibu nilimpa daktari huyo wakati mgonjwa bado yuko tieta, chumba cha upasuaji, wakaendelea kukata palepale.