Moshi wa malori tunaula sisi wa Mbeya

Kuna mwandishi anayesema moshi wa magari ni shida ya Dar es Salaam na foleni zake. Namwomba aje hapa Mbeya, Mlima Nyoka, saa kumi na mbili asubuhi, malori ya Zambia na Kongo yakipanda kwa gia ya chini, injini zikilia. Lori lililobeba mzigo mzito na lisilofanyiwa sevisi linatema masizi meusi. Mama yangu anauza ndizi na maparachichi kando ya barabara. Jioni akijifuta uso kwa pindo la khanga, pindo linatoka jeusi. Hayo tunayaona. Chembe ndogo zaidi hatuzioni, nazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai ni mbaya zaidi, moshi unatanda chini, haupandi.

Tena lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa zaidi ya kilo 2.5 za kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto duniani. Piga hesabu kwa matangi ya msafara mmoja tu!

Na reli tunayo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikamilika 1975 na inapita hapa hapa Mbeya. Shaba na mbolea ni mizigo ya treni hasa. Sisemi madereva wakose kazi, ndugu zangu wawili wanaendesha malori. Nasema mzigo mzito urudishwe relini, na malori yanayobaki yapimwe moshi kama yanavyopimwa uzito mizani.