Ini la maabara? Nionyesheni mishipa kwanza

Kila nikiona kichwa cha habari eti wanasayansi wametengeneza ini maabara, mi swali langu ni moja tu, damu inapitaje humo ndani? Maana kukuza seli za ini kwenye sahani sio habari tena siku hizi, kazi ni kuziweka hai zikishakuwa tishu nene, na hapo ndo wengi wanakwama. Seli ikikaa mbali na mshipa zaidi ya kama milimita 0.2 hivi oksijeni haiifikii vya kutosha, inakufa, yaani kipande kinakufa katikati huku nje kinapendeza kwenye picha. Na ini kwa kunywa damu halijambo, robo tatu hivi inaletwa na mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, iliyobaki ateri.

Ndo maana kazi ya mtafiti Takanori Takebe na wenzake kule Yokohama, Japani, mwaka 2013 bado naikubali kuliko mbwembwe nyingi zilizofuata. Hawakung'ang'ania seli za ini peke yake. Walichanganya aina 3: za ini changa zilizotokana na seli shina (zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), za kutandika mishipa kutoka kwenye kamba ya kitovu, na zile za kushikilia tishu, zikajikusanya zenyewe zikawa kichipukizi kidogo, wakakipandikiza kwa panya na ndani ya kama saa 48 mishipa ikaungana na ya panya, damu ikapita. Aisee.

Wengine wameenda na printa za 3D, NASA, shirika la anga la Marekani, wakaweka hadi shindano la tishu yenye mishipa, na 2021 timu mbili za chuo cha Wake Forest, Marekani, zikashinda kwa tishu ya ini yenye unene wa sentimita 1 iliyokaa hai siku 30. Safi sana, ila hiyo ni maabara. Damu halisi ikikuta mfereji haujatandikwa seli vizuri inaganda, unaziba, kwisha habari.

Halafu nyongo mbona haisemwi? Ini linaitoa kila siku, isipopata pa kutokea inaumiza seli zilezile.

Kwa hiyo hizi mbio za kutaka ini zima mi sizielewi. Kipande kidogo tu chenye damu inayopita kweli, cha kumsogeza mgonjwa wakati anasubiri wa kumchangia au ini lake lenyewe linajijenga upya, hicho ndo ningekitilia pesa kwanza.