Duisburg imenifanya niililie Tanga

Mtu wa Tanga akifika Duisburg, Ujerumani, kitu cha kwanza anachokitambua ni matishari, vile vyombo bapa vya kubeba mizigo majini. Hapa ndipo Mto Ruhr unapoingia Rhine, na kutwa kucha yanapita, wakati mwingine sita yakisukumwa na tagi moja, yamejaa mawe ya chuma kutoka Rotterdam. Kwetu, kwa miaka mingi tishari ndilo lililoshusha mzigo melini na kuuleta gatini, kwa sababu kina hakikuruhusu meli kubwa kusogea. Lakini Duisburg, ukiufuata mto, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, na bandari yake ya ndani ndiyo kubwa kuliko zote Ulaya. Sisi bahari iko mlangoni!

Wakazi hapa ni laki tano hivi. Tanga mjini, kwa sensa ya 2022, tunakaribia laki nne. Wao walipungua. Miaka ya 1970 walikuwa karibu laki sita, kisha migodi ya makaa ikafungwa na matanuri ya chuma yakazimwa moja baada ya jingine. Sisi tuliozoea kusikia habari za mbolea, chuma na mkonge hatuhitaji kuelezwa mji unajisikiaje.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Kiwanda cha chuma cha Meiderich kilizimwa 1985. Hakikuuzwa chuma chakavu. Mwaka 1994 kilifunguliwa kuwa bustani ya wananchi, bila kiingilio: unapanda hadi juu ya tanuri uuone mji mzima, na wapiga mbizi wanazama ndani ya tangi la gesi lililojazwa maji. Kwetu, geti lina kufuli na nyasi zimefika kiunoni.

Siisifii Ulaya kipofu. Marxloh, mtaa wa hapa ulio jirani na viwanda ambavyo bado vinafuka moshi, ina umaskini wa wazi kabisa. Na mji huu umebebwa mabegani na wageni, hasa Waturuki walioanza kuletwa kufanya kazi kwa mkataba wa 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki; msikiti mkubwa uliofunguliwa hapo Marxloh 2008 ni wa watu waliokuja kufanya kazi wakabaki.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga, tusikae kumngoja mwekezaji wa kufufua kila kiwanda. Tuchague kimoja, kufuli litoke, watoto wa shule waingie, na mafundi wazee waliowahi kuziendesha zile mashine walipwe kuwaeleza zilivyofanya kazi, maadamu bado tunao.