Mtungi Haukunuka

Mjomba alipoambiwa soya mbichi haifai kwa perege, alikuja juu. "Samaki anayekula matope, soya imshinde?"

Nikamweleza kuwa ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini tumboni: samaki anameza protini, tumbo linashindwa kuivunja vizuri, sehemu yake inaishia majini. Dawa yake moto.

Akakaanga. Karai pomoni, moto wa kuchomea ng'ombe mzima. Punje za chini zikawa mkaa, za juu hazijui kama kuna shughuli.

Tukapima. Soya iliyosagwa vijiko viwili, urea ya shambani kijiko kimoja kidogo, maji ya uvuguvugu, funika mtungi dakika 20. Soya isiyoiva bado ina yurease, kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia. Mjomba akafunua, akazamisha pua yote. Alirudi kinyumenyume akitokwa machozi.

"Nani kakojoa humu?"

"Soya yako, Mjomba."

Nikamrudishia somo. Tabaka la vidole viwili tu, koroga bila kupumzika, punje ifike nyuzi 120 hivi, itoke na rangi ya dhahabu, na ukiipasua iwe rangi moja hadi kiini. Halafu itandaze mkekani ipoe. Ina mafuta karibu asilimia 20, ukiisaga ya moto inaziba chujio la mashine. Katika yote hayo alishika neno moja: moto.

Safari hii aliitoa ikiwa kahawia, akairundika, akaigubika turubai "isipoteze nguvu". Kufunika kwenyewe si vibaya, wapo wanaofunika nusu saa ili joto lipenye sawasawa, ila si soya iliyokwishapitiliza. Rundo likaendelea kujipika lenyewe. Turubai lilipoinuliwa, moshi ulitutangulia kutoka.

Tukapima tena. Kimya, hata harufu. Mjomba akapiga vigelegele peke yake.

Tatizo ni kwamba mtungi ule hukamata mbichi tu; iliyoungua hufaulu kwa alama zote. Joto likizidi, lisini, kijenzi muhimu cha protini, hushikana na sukari na samaki haipati tena. Kuungua hupimwa maabara, kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 0.2: protini inayoyeyuka ikishuka chini ya asilimia 70, hapo hakuna chakula. Yetu haikuhitaji maabara. Perege waliionja, wakaitema, wakageuza mikia.

Jioni mlinzi akafuata harufu, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mzee. Kahawa imeshasagwa, au nisage mwenyewe?"

Mjomba alitazama bwawa, akatazama gunia.

"Marahaba. Beba lote."